Usiulize Umri, Uliza Mfupa

Vijana wa kidato cha nne, cha tano na cha sita huuliza swali moja kwa namna nyingi. Yuko anayetaka kujua kama kuning'inia kwenye bomba kila asubuhi kutamwongezea inchi mbili kabla ya usaili wa jeshi. Yuko anayeuliza kama vidonge vinavyotangazwa kwenye simu vinafanya kazi. Yuko binti wa miaka 16 asiyeelewa kwa nini darasa la sita aliwapita wenzake wote kimo, na leo ndiye anayesimamishwa mstari wa mbele. Jibu langu naliweka hapa mwanzoni. Wapo vijana wa miaka 17, 18 na hata 19 ambao bado wanarefuka, na wapo wa miaka 15 ambao wameshamaliza. Cheti cha kuzaliwa hakiamui jambo hili. Linaloamua ni gegedu la ukuaji kwenye ncha za mifupa, kama bado liko wazi au limeshafunga. Jambo la pili ndilo kiini cha safu hii: hakuna chakula, zoezi wala dawa ya dukani inayomwongezea kijana mwenye afya urefu kupita ule ambao mwili wake unaweza kuufikia. Vyote vinavyosaidia kweli husaidia kwa kuondoa kizuizi kilichokuwa kinaupunguza. Kwa hiyo kijana anayetaka kurefuka, pamoja na mzazi wake na shule yake, watafute kizuizi kwanza kabla ya kutafuta dawa.

Tuanze na mfupa wenyewe. Mfupa mrefu, kama wa paja au wa muundi, haurefuki kwa kuvutwa katikati kama mpira wa manati. Hurefukia karibu na ncha zake, penye tabaka jembamba la gegedu, ule mfupa laini anaoufahamu kila aliyewahi kutafuna ncha ya paja la kuku mchanga. Ndani ya tabaka hilo seli zimepangana kwa safu, moja juu ya nyingine, kama chapati zilizorundikwa ndani ya hotpoti. Zilizo upande wa ncha hugawanyika na kuzaa mpya. Zinazofuata huvimba na kuisukuma ncha ya mfupa mbele. Za mwisho kabisa hujaa chokaa, hufa, na nafasi yake huchukuliwa na mfupa mgumu. Kila sentimita ambayo miguu ya mtu imewahi kuongeza ilipatikana kwa kazi hiyo ndogo isiyoonekana. Sehemu kubwa ya kazi hufanyika gotini: magegedu mawili, la juu ya goti na la chini yake, huchangia takriban theluthi mbili ya urefu unaoongezeka wa mguu mzima. Ndiyo maana jeraha la goti la mtoto halifai kukandwa nyumbani na kusahauliwa. Gegedu likivunjika vibaya, mguu mmoja unaweza kubaki mfupi kuliko mwenzake.

Kazi hiyo haiendi kwa mwendo mmoja maisha yote ya utoto. Mtoto huzaliwa na takriban sentimita 50, huongeza karibu 25 katika mwaka wa kwanza na karibu 12 katika wa pili, kisha hutulia kwenye 5 au 6 kwa mwaka mpaka balehe. Balehe huja na mruko. Kwa msichana kilele cha mruko huwa karibu na miaka 12, naye huweza kuongeza sentimita 8 kwa mwaka. Kwa mvulana huwa karibu na miaka 14, na huweza kufika sentimita 9 au 10. Msichana hukipita kilele hicho kabla ya kuvunja ungo. Akishavunja ungo, kwa kawaida hubakiza sentimita 5 hadi 7 tu. Hapo ndipo lilipo jibu la yule binti wa mstari wa mbele. Hana ugonjwa wowote uliomsimamisha. Alitangulia kuanza, na aliyetangulia kuanza hutangulia kumaliza. Mvulana huchelewa kuanza kwa miaka miwili hivi, kwa hiyo huingia kwenye mruko akiwa na akiba ya urefu wa miaka hiyo miwili, na mruko wake wenyewe ni mkubwa zaidi. Tofauti ya takriban sentimita 13 iliyopo kwa wastani kati ya wanaume na wanawake hutokana hasa na mambo hayo mawili.

Kinacholifunga gegedu ni homoni ya estrojeni, na hili huwashangaza wengi kwa sababu wanaijua kama homoni ya kike. Mwili wa mvulana nao huitengeneza, kwa kugeuza sehemu ya testosteroni yake. Mwaka 1994 madaktari wa Marekani walichapisha habari za mwanamume wa miaka 28, mwenye urefu wa sentimita 204, aliyekuwa bado anarefuka. Alikuwa amebalehe, na testosteroni yake ilikuwa ya kutosha, ila mwili wake ulizaliwa bila uwezo wa kuitikia estrojeni. Mifupa yake kwenye picha ilifanana na ya kijana wa miaka 15. Kabla yake, wengi waliamini kwamba testosteroni ndiyo inayofunga mifupa ya wanaume. Kisa chake kilionyesha kwamba pasipo estrojeni mfupa hauna wa kuuambia uache. Kwa mtu wa kawaida, basi, balehe ileile inayoanzisha mruko ndiyo inayoumaliza, na gegedu likishageuka mfupa mtupu hakuna lishe, zoezi, mizizi wala sindano itakayolirudisha.

Sasa wafikirie wavulana wawili wa miaka 17 wanaokaa dawati moja, kila mmoja ana sentimita 163. Wa kwanza alianza kubalehe akiwa na miaka 11. Sauti yake ilikuwa nzito tangu darasa la saba, ndevu ananyoa kila wiki, na suruali aliyoshonewa miaka miwili iliyopita bado inamfika kifundoni. Wa pili sauti ndiyo kwanza inamkwaruza, kidevu chake ni kitupu, na suruali ya sare aliyonunuliwa Januari imeshapanda juu ya soksi ilipofika Agosti. Kwa umri wako sawa na kwa kimo wako sawa, lakini picha ya eksirei ya kiganja na kifundo cha mkono wa kushoto itawatenganisha. Mkono una mifupa midogo mingi inayokomaa kwa mpangilio unaojulikana, na daktari huilinganisha na picha za kitabu cha Greulich na Pyle, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1950 na kinachotumika mpaka leo. Kwa kijana wa kwanza picha huenda ikaonyesha mfupa wa mtu mzima. Sentimita 163 ndicho kimo chake. Kwa wa pili huenda ikaonyesha mfupa wa miaka 14, na mbele yake bado kuna zaidi ya sentimita 10. Kitabu hicho kilitokana na watoto wa Cleveland, Marekani, kwa hiyo kwa watoto wetu tukisome kama mwongozo wenye kosa la mwaka mmoja hivi. Hata hivyo picha moja ya mkono hueleza zaidi kuliko maneno yote ya muuza vidonge.

Wastani wa kimataifa hauwapi vijana wakubwa matumaini mengi. Chati ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2007 inamwonyesha mvulana wa kati akiwa na takriban sentimita 173 anapotimiza miaka 16, na 176.5 anapotimiza 19. Miaka mitatu mizima humletea sentimita tatu na nusu, na nyingi kati ya hizo huja mwaka wa kwanza. Msichana wa kati, kutoka miaka 16 hadi 19, haongezi hata sentimita moja. Lakini chati hiyo ilijengwa juu ya vipimo vya watoto wa Marekani, na mwili ulionyimwa chakula utotoni au uliougua mara kwa mara hufuata ratiba nyingine. Huchelewesha balehe, na kwa hiyo huchelewesha kufunga kwa gegedu. Watafiti waliowafuatilia watu wa kijiji cha Keneba na vijiji jirani nchini Gambia kwa miaka mingi walieleza mwaka 2013 kwamba balehe iliyorefuka iliwapa vijana nafasi ya kufidia sehemu kubwa ya urefu walioupoteza utotoni, hasa wasichana. Mwanahistoria wa uchumi Richard Steckel, aliyechambua vimo vya watumwa vilivyoandikwa kwenye orodha za meli za Marekani katika karne ya 19, alikuta watoto wafupi mno ambao walianza kuwafikia wengine walipoingia umri wa kufanyishwa kazi na kupewa chakula zaidi. Kwa hiyo mvulana wa kijijini wa miaka 18 anayebalehe kwa kuchelewa asihukumiwe kwa chati ya mtoto aliyekula akashiba tangu kuzaliwa. Huenda ndiye anayehitaji chakula kizuri sasa kuliko wakati mwingine wowote wa ujana wake.

Yanayosifiwa bure

Nianze na kuning'inia, kwa kuwa ndilo zoezi linalosifiwa zaidi na ambalo kwa macho ya haraka huonekana kweli kufanya kazi. Kati ya pingili moja ya uti wa mgongo na nyingine kuna kisahani laini kilichojaa maji. Mchana kutwa uzito wa mwili hukikamua, na usiku tukilala hunywa maji tena. Ndiyo sababu mtu hupungua sentimita moja hivi, wakati mwingine hata mbili, kati ya asubuhi na jioni. Wanaanga wanaokaa angani bila uzito wa kuwabana uti huweza kurefuka hadi asilimia 3, na baada ya kurudi duniani hurudia kimo chao. Kijana akijipima leo jioni baada ya kutwa shuleni, akaanza kuning'inia, kisha akajipima tena asubuhi baada ya wiki mbili, karatasi itamwambia ameongeza sentimita moja na nusu. Hajaongeza hata unywele mmoja wa mfupa. Amepima saa mbili tofauti za siku. Vilevile anayetembea ameinama akijifunza kunyooka ataonekana mrefu zaidi, na ni vema anyooke, lakini sentimita hizo zilikuwa zake siku zote. Ndicho kinachoonekana kwa baadhi ya vijana wanaorudi kutoka Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) wakiwa wamenyooka mgongo na kifua mbele. Walio na magegedu wazi huenda wamerefuka kweli wakiwa huko, kama ambavyo wangerefuka wakiwa nyumbani.

Mpira wa kikapu nao hupewa sifa isiyo yake. Hasheem Thabeet, Mtanzania wa kwanza kucheza NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, aliyechaguliwa wa pili katika uteuzi wa mwaka 2009, ana takriban sentimita 221. Mchezo haukumpa kimo hicho. Kimo hicho ndicho kilichomfungulia mlango wa mchezo. Tukiwatazama wachezaji warefu tukadhani kikapu hurefusha, tutalazimika pia kuwatazama wacheza jimnastiki wafupi tukadhani sarakasi hufupisha. Kila mchezo huchagua miili inayoufaa. Ni hivyo pia kwa hofu ya kubeba mizigo au kunyanyua vyuma. Uzito unaobebwa kwa kiasi na kwa mbinu sahihi haufungi gegedu. Mtoto anayebeba ndoo za maji kilomita nyingi huku akila mara moja kwa siku hukosa nguvu ya kukua, na kosa hapo ni la sahani tupu. Na ile imani ya utotoni kwamba ukimruka mwenzio aliyenyoosha miguu hatarefuka, tuiache ibaki kuwa njia ya kuwafundisha watoto adabu.

Kwenye vidonge sina upole. Vingi vinavyouzwa kama dawa ya urefu ni mchanganyiko wa kalsiamu, vitamini na unga wa mimea. Mwenye upungufu wa madini hayo hunufaika nayo, na angeyapata kwa bei ndogo zaidi kwenye dagaa na mboga. Asiye na upungufu hupata mkojo wa gharama. Tangazo linaloahidi urefu kwa mtu wa miaka 25 au 30 limejitia hatiani lenyewe, kwa sababu linaahidi kukirefusha kitu ambacho hakina tena mahali pa kurefukia. Homoni ya ukuaji ni dawa halisi, lakini hutolewa na daktari bingwa kwa mtoto ambaye tezi yake haiitengenezi, au mwenye magonjwa machache yanayojulikana, kwa sindano za kila siku kwa miaka kadhaa, huku magegedu yakiwa wazi. Kwa mtoto mfupi ambaye homoni yake iko sawa, faida yake kwa wastani ni sentimita chache tu. Akiitumia mtu aliyekwisha kufunga mifupa, hupanuka taya, viganja na nyayo, moyo huathirika, na kisukari hukaribia. Robert Wadlow wa Marekani, ambaye tezi yake ilimwaga homoni hiyo bila kikomo tangu utotoni, alifika sentimita 272. Alitembea kwa vyuma vya kushikilia miguu, na jeraha la chuma hicho lililoingia maambukizi lilimuua mwaka 1940 akiwa na miaka 22.

Zipo dawa zinazofanya kinyume kabisa, na vijana hawaambiwi. Steroidi za kujaza misuli zinazozunguka kwenye baadhi ya jimu ni ndugu wa testosteroni, na mwili hugeuza nyingi kati yake kuwa estrojeni. Kijana wa miaka 16 anayejidunga ili awe na kifua kipana anaweza kulifunga gegedu lake mapema na kujinyima urefu ambao angeupata bila kufanya lolote. Deksamethasoni na prednisoloni, ambazo wengine huzimeza ili wanenepe na kujaza nyonga, hupunguza kasi ya ukuaji zikitumika kwa muda mrefu bila usimamizi. Mgonjwa aliyeandikiwa na daktari kwa pumu au ugonjwa mwingine asiziache ghafla kwa kusoma maneno haya. Amuulize daktari wake. Nasema na anayezinunua mwenyewe dukani kwa ajili ya umbo.

Pingamizi zito zaidi hutoka kwa wanaosema: yote haya ya nini, ikiwa ukoo wetu ni wa wafupi? Urithi ni kweli una nguvu. Mwaka 2022 utafiti uliohusisha watu zaidi ya milioni 5 ulitambua alama zaidi ya 12,000 za vinasaba zinazohusiana na kimo. Madaktari hutumia hesabu rahisi ya kukisia kimo cha mtoto kutokana na wazazi: jumlisha kimo cha baba na cha mama, ongeza 13 kwa mvulana au toa 13 kwa msichana, kisha gawa kwa mbili. Baba wa sentimita 168 na mama wa 156 wanatarajiwa kupata mvulana wa karibu 168.5 na msichana wa karibu 155.5, kila mmoja akiweza kwenda juu au chini kwa takriban 8. Lakini hesabu hiyo huchukulia kwamba baba na mama walikua kwa kadiri ya uwezo wao. Wanawake wa Korea Kusini waliozaliwa mwaka 1996 ni warefu kwa takriban sentimita 20 kuliko waliozaliwa huko mwaka 1896. Karne moja haitoshi kubadili vinasaba vya taifa. Vilivyobadilika ni chakula, maji na tiba. Uchunguzi uliotoa takwimu hizo za Korea, ambao ulilinganisha nchi za dunia, ulikuta kwamba katika baadhi ya nchi za Afrika, Uganda na Rwanda zikiwemo, vimo vya watu wazima vimeshuka katika miongo ya karibuni. Ukoo uliokula ugali mkavu kwa vizazi vinne haujathibitisha kwamba ni ukoo wa wafupi. Umethibitisha tu kwamba ulikula ugali mkavu.

Kizuizi kitafutwe wapi

Kizuizi cha kwanza cha kuchunguzwa ni ugonjwa. Selimundu, ambao wengi huuita sikoseli, huchelewesha ukuaji na balehe, na vijana wengi wenye ugonjwa huo huendelea kurefuka baada ya wenzao kumaliza. Kijana aliyezaliwa na virusi vya UKIMWI na kuchelewa kuanza dawa za ARV za kuvidhibiti, mwenye tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri, mwenye ugonjwa sugu wa figo au wa utumbo, mwenye minyoo na upungufu wa damu wa muda mrefu, wote hawa mwili wao hutumia kwenye maradhi kile ambacho ungetumia kwenye mfupa. Ugonjwa ukitibiwa gegedu likiwa bado wazi, mwili huongeza kasi kujaribu kurudi kwenye njia yake. Zipo dalili ambazo mzazi asizingoje: msichana asiyeonyesha matiti anapofika miaka 13, au asiyepata hedhi anapofika 15, mvulana ambaye korodani hazijaanza kukua anapofika 14, na mtoto yeyote ambaye miaka yote alikuwa wa katikati ya mstari na sasa anaachwa nyuma. Wengi wao watakutwa ni wazima waliochelewa tu, kama baba au mama zao walivyochelewa. Lakini wachache watakutwa na ugonjwa wenye tiba, na tiba hiyo ina mwisho wake, siku gegedu linapofunga. Nairobi kuna kituo cha kuwafunza madaktari wa Afrika tiba ya homoni za watoto tangu mwaka 2008, kwa hiyo bingwa wa kumpa rufaa kijana kama huyo si mtu wa kufuatwa Ulaya peke yake.

Kizuizi cha pili ni sahani. Kijana aliye kwenye mruko huhitaji nishati nyingi kuliko mtu mzima wa ofisini, na mfupa unahitaji protini, kalsiamu, zinki na vitamini D. Sahani ya ugali na maharage machache yaliyoogelea kwenye mchuzi, mchana na usiku, siku tano au saba kwa wiki, hujaza tumbo la mwanafunzi wa bweni na kuacha mfupa ukidai. Sidai nyama kila siku. Dagaa wanaoliwa wazima, na mifupa yao, wana kalsiamu nyingi na protini nzuri. Maharage yakipimwa kwa kikombe badala ya kijiko, karanga kwenye uji, yai mara chache kwa wiki, maziwa panapokuwa na ng'ombe au mbuzi, na mboga za majani zisizochemshwa mpaka zikawa nyeusi: vyote hivi kamati ya chakula ya shule inaweza kuvipanga. Usingizi nao uheshimiwe, kwa kuwa homoni ya ukuaji hutoka kwa wingi katika usingizi mzito wa mwanzo wa usiku. Kwa upande mwingine, tusidhani kwamba kushindilia ndiko kulisha. Mtoto mnene kupita kiasi, hasa msichana, mara nyingi hubalehe mapema. Huwapita wenzake akiwa na miaka 11, wao humfikia wakiwa na 14, na soda na chipsi alizokula hazikumwachia hata sentimita moja ya ziada.

Kizuizi cha tatu huwaangukia wasichana peke yao. Utafiti wa afya ya uzazi wa Tanzania wa mwaka 2022 ulikuta kwamba asilimia 22 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 wameshawahi kupata ujauzito. Watafiti waliochapisha kazi yao mwaka 2008 kutoka vijiji vya Bangladesh waliwalinganisha wasichana waliopata mimba na wenzao wa rika lao ambao hawakupata. Wasiopata mimba waliendelea kurefuka polepole, waliopata walisimama. Mwili wa msichana ambao haujamaliza kujijenga hulazimika kugawana chakula na kiumbe kingine. Tena nyonga hukomaa baada ya kimo kukoma, kwa hiyo msichana anaweza kuonekana mtu mzima kwa urefu huku njia ya uzazi ya mifupa yake ikiwa bado nyembamba. Uchungu uliokwama na fistula huanzia hapo. Anayemwozesha binti wa miaka 15 kwa hoja kwamba ameshakua, aelewe kwamba mifupa ya binti huyo haijasema hivyo.

Naweza kuulizwa: ikiwa vijana hufidia urefu wakati wa balehe, kuna haja gani ya kampeni zote za lishe ya watoto wachanga? Haja ni kubwa, kwa sababu urefu ndio unaofidika kirahisi kuliko vingine. Utafiti huohuo wa Tanzania wa 2022 uliwakuta asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano wamedumaa. Iringa walikuwa asilimia 57, Njombe na Rukwa karibu nusu, na hiyo ni mikoa inayolisha wengine mahindi. Kenya mwaka huohuo ilikuwa asilimia 18. Mtoto aliyedumaa hukosa kinga ya kutosha na hukosa pia ujenzi wa ubongo unaofanyika katika siku 1,000 za mwanzo, tangu mimba mpaka miaka miwili. Kijana anayejirudishia sentimita tano akiwa na miaka 18 harudishiwi kile ambacho akili yake ilikosa. Balehe ni nafasi ya pili ya mfupa, na tuitumie hivyo, lakini hatuwezi kumwambia mama mjamzito asubiri.

Ninachopendekeza hakihitaji bajeti kubwa. Kadi ya kliniki humfuata mtoto mpaka miaka mitano, kisha wengi hawapimwi kimo tena mpaka siku ya usaili wa polisi au jeshi, wakati mtu tayari anaambiwa amepungukiwa na hakuna la kufanya. Shule ichore rula ukutani, na mwalimu wa afya awapime wanafunzi wote mara mbili kwa mwaka na kuandika. Mwanafunzi ambaye mstari wake umelala kabla ya balehe kuanza, au umelala ghafla, apelekwe hospitali yenye eksirei. Mamlaka za dawa za nchi zetu zimdai kila anayetangaza dawa ya urefu athibitishe usajili na viambato vyake kabla tangazo halijaruka.

Na kijana mwenyewe ajipime: bila viatu, visigino na mgongo ukutani, kitabu kigumu kikae sawa juu ya kichwa, alama ya penseli, tarehe pembeni, kila mara asubuhi. Asihesabu saizi ya viatu, maana nyayo humaliza kukua kabla ya miguu na mgongo. Arudie baada ya miezi sita. Alama ikipanda sentimita mbili, mfupa wake bado uko kazini, na fedha ya vidonge inunue mayai. Isipopanda kwa mwaka mzima, na sauti, ndevu au hedhi vilikamilika zamani, basi amefika. Hapo hana deni la urefu na hajakosea popote. Kimo hicho ndicho kilichojengwa na wazazi wake, chakula chake na maradhi aliyoyashinda. Aandike tarehe ya mwisho pale ukutani, na alama zinazofuata ziwe za mdogo wake, ambaye huenda yeye bado ana miaka sita ya kukua na anahitaji mtu wa kumshikia kitabu juu ya kichwa.